NJIA YA KUFIKA SHAMBANI

Mazungumzo baada ya habari, kwa askari wa majeshi ya ulinzi na wa polisi



Katika mazungumzo yetu ya leo tunataka kuzungumzia njia. Hatusemi barabara kuu ya lami, wala ile njia ambayo afisa huichora kwenye ramani kabla ya doria. Tunasema njia ya mkulima mdogo, anayoipita alfajiri na jembe begani kwenda kwenye kishamba cha ekari mbili au tatu, na anayotaka kuirudia jioni akiwa salama. Watu wengi hudhani kwamba njia hiyo ni jambo dogo lisilostahili kutajwa baada ya habari za dunia. Lakini mahali ilipofungwa, mwenye mbegu nzuri na mikono yenye nguvu hulala na njaa sawasawa na asiye na mbegu.

Mfano wetu unatoka Fuma. Kusini ya Kismayuu, kuelekea Ras Kiamboni ambako mpaka wa Somalia na Kenya unakutana na bahari, pana mlolongo wa visiwa vidogo vinavyofuatana na pwani: Fuma, Ngumi, Koyama, Chovai, Chula na vingine. Hivyo ndivyo visiwa vya Wabajuni. Lugha yao ni Kiswahili cha kwao, na jamaa zao wako Kiunga, Faza na Lamu. Nchi hiyo yote ya Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza mpaka mwaka 1925, walipoikabidhi kwa Waitalia. Basi ukoo mmoja ukajikuta una serikali mbili bila ya mtu yeyote kuhama nyumba yake.

Visiwa hivyo vimesimama juu ya matumbawe. Udongo wake ni haba. Bahari ndiyo shamba la kwanza la mwenyeji, nalo limemlisha vizazi vingi. Lakini mtu hawezi kula samaki mtupu mwaka mzima. Kwa hiyo tangu zamani watu wa visiwa walivuka kwenda bara iliyo mkabala wao, wakafyeka msitu, wakalima mtama, mahindi, kunde na ufuta. Yaani shamba la mtu wa kisiwani liko ng'ambo ya maji, na njia yake ya kwenda kazini ina sehemu mbili: sehemu ya chombo na sehemu ya miguu. Chombo hungoja maji na upepo, na miguu hungoja amani.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu. Kiangazi watu walifyeka, wakaacha miti na vichaka vikauke. Ilipokaribia masika walichoma. Usiku wa kungojea kuchoma haukuwa wa kulala, kwa maana ndio uliokuwa usiku wa vave, nyimbo za wakulima wa Kibajuni, ambazo wataalamu wa fasihi yetu huzihesabu kuwa miongoni mwa tungo za kale za pwani hii. Mvua iliponyesha walipanda katika majivu. Baada ya misimu michache, nguvu ya udongo ilipopungua, kipande kile kiliachwa kipumzike miaka mingi, msitu ukarudi, na watu wakafyeka kingine.

Siku hizi tungeliita hilo kilimo hai, maana hapakuwa na mbolea ya kiwandani wala dawa ya sumu. Yafaa tuwe waangalifu lakini. Kilimo hai si kule kukosa fedha za kununulia mbolea. Mkulima asiyetia kitu chochote shambani na akavuna kila mwaka, huyo hafanyi kilimo hai. Huyo anaukopa udongo bila nia ya kuulipa. Na kuchoma nako kuna hasara zake, kwani moto hula majani ambayo yangeoza yakawa chakula cha mimea. Kilichoyaokoa mashamba ya Wabajuni ni ile miaka ya kupumzisha. Mapumziko hayo yaliwezekana kwa sababu ardhi ilikuwa pana na mtu aliweza kwenda mbali bila kuogopa.

Hapa ndipo jambo letu linapowahusu askari moja kwa moja. Njia ikifungwa, watu hawaachi kula. Husogea wakalima pale tu panapoonekana kutoka kituoni, au pale ambapo mlio wa filimbi unasikika. Kipande kilekile hulimwa mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu. Katika miaka michache udongo umechoka, mahindi yamekuwa mafupi, na mtu aliyekimbilia mahali pa usalama anashindwa na njaa papo hapo penye usalama. Mwenye bunduki hakumwaga sumu yoyote katika shamba lile. Alikaa njiani tu.

Na njia ya watu wa Fuma na jirani zao imefungwa mara nyingi mno. Upande wa Kenya, vita vya Shifta vya kati ya mwaka 1963 na 1967 viliwaondoa Wabajuni wengi katika mashamba yao ya bara, na vijiji vingine havikusimama tena. Upande wa Somalia, serikali ilipoanguka mwaka 1991, makundi yenye silaha yaliwaingilia watu wa visiwa na wa Kismayuu, wakanyang'anywa vyombo, nyavu na mali. Maelfu walikimbia kwa bahari wakafika Mombasa na penginepo. Mwaka 2008 Kismayuu ukaingia mikononi mwa Al-Shabaab. Mwaka 2012 majeshi ya Kenya, yakiwa ndani ya kikosi cha Umoja wa Afrika na yakishirikiana na Wasomali, yaliwatoa mjini. Walakini mji kukombolewa ni jambo moja, na shamba kufikika ni jambo jingine. Askari anajua zaidi yetu kwamba bendera inaweza kupepea bandarini, hali maili chache kutoka hapo mtu hathubutu kuingia porini kutafuta kuni.

Tena liko jambo la makaa. Misitu ya migunga nyuma ya Kismayuu ilikatwa na kuchomwa makaa yaliyopelekwa nchi za Ghuba kwa meli, na fedha zake zikawalisha wenye silaha. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara hiyo. Taarifa za wachunguzi wa Umoja wa Mataifa katika miaka iliyofuata zilisema kwamba makaa yaliendelea kutoka, na lawama zikavifikia hata vikosi vilivyokuwa vikiulinda mji, lawama ambazo wakubwa wao walizikana. Sisi hatukuketi hapa kuhukumu. Tunataja tu kwamba mgunga ukikatwa, kivuli, majani na mizizi iliyoshika udongo huondoka pamoja nao. Na gunia la makaa halina njia ya kupita kizuizi cha barabarani bila ya kuonekana na mtu aliyevaa sare.

Ndugu wasikilizaji, haifai tuisimulie pwani hiyo kana kwamba kila aliyeshika jembe alilishika kwa hiari. Katika karne ya 19 mashamba mengi ya pwani ya Somalia na ya Kenya yalilimwa na watumwa. Miongoni mwao walikuwamo Wazigua, watu wa Handeni na Pangani, yaani watu wa nchi yetu hii. Simulizi zao zinasema kwamba njaa kubwa iliwatoa makwao, wakadanganywa kwa ahadi ya kazi na chakula, wakapakiwa majahazini, na walipoteremshwa kwenye pwani ya Somalia wakaona wameuzwa. Wakatoroka. Nia yao ilikuwa kurudi nyumbani kwa miguu, kusini, kwa kufuata nyota na kumbukumbu. Katika simulizi hizo yumo mwanamke mmoja aitwaye Wanakhucha, aliyewaongoza kwa maono. Na walipofika Mto Juba ndiye aliyewaambia kwamba safari imekwisha, wakae hapo walime.

Walikaa. Msitu wa bonde la Juba, ulioitwa Gosha, ukawa ngome yao. Watoro wengine wa makabila mengine wakawafuata, kila mmoja akiitafuta njia kwa namna yake: wengine kwa kufuata mto, wengine kwa kusikia tu kwamba pana mahali ambapo mtu mweusi mwenye jembe haulizwi bwana wake ni nani. Walilima kingo za mto, hasa zile sehemu ambazo maji ya mafuriko yanapokupwa huacha matope yenye rutuba. Mto ndio uliokuwa mbolea yao. Hata leo Kizigua kinasemwa katika bonde lile, na Mzigua wa Handeni akikisikia hukielewa.

Mashamba hayo madogo yalionewa kwa kalamu kabla ya kuonewa kwa bunduki. Sheria ya ardhi ya Somalia ya mwaka 1975 ilifanya ardhi yote kuwa ya serikali, na aliyetaka kulima ikambidi aandikishe. Aliyejua ofisi na aliyekuwa na jamaa ofisini aliandikisha. Mkulima wa Gosha aliyelima pale alipolima babu yake akaonekana mvamizi. Yakaja na mashamba makubwa ya miwa na ya mpunga, kama lile la sukari la Mareerey, na wengi wakawa vibarua juu ya udongo waliokuwa wakiulima wenyewe. Vita vya mwaka 1991 vilipozuka, watu hao wenye ghala za nafaka na wasiokuwa na silaha ndio walioporwa kwanza.

Basi wakaanza tena kutafuta njia. Wengi walivuka kwenda Dadaab nchini Kenya. Wengine walitia nia ileile ya mababu zao, wakaendelea kusini mpaka Handeni, Mkoa wa Tanga, wakapokewa Mkuyu na baadaye wakapewa makazi na mashamba Chogo. Tanzania iliwapa wengi wao uraia. Safari iliyokatizwa na Wanakhucha karibu na Mto Juba ilikamilika baada ya kiasi cha miaka 150.

Zaidi ya watu 10,000 wa jamii hiyo walichukuliwa kwenda Marekani kuanzia mwaka 2003. Baadhi yao wameishia Lewiston, katika jimbo la Maine, mahali ambapo theluji hufunika ardhi kwa miezi kadhaa. Mtu angetazamia wasahau kilimo. La hasha. Walitafuta udongo. Kwanza walilima vipande vya kuazima, leo hapa, mwakani pale, jambo ambalo halimwezeshi mtu kuutunza udongo, kwa sababu hakuna anayeweka samadi kwa ajili ya mpangaji atakayefuata. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 chama chao kikapata haki ya muda mrefu ya kutumia shamba la ekari 107 katika mji mdogo wa Wales, kwa msaada wa shirika linaloshika ardhi ili isiuzwe ovyo. Shamba wanaliita la Ukombozi, na chombo kinachoshika ardhi hiyo kimepewa jina la Juba Ndogo. Wanalima kwa njia za kilimo hai, wengi wao ni akina mama, na zao wanalolionea fahari ni mahindi magumu ya kusaga, ya kupikia ugali wao.

Haya, na mwenye hiari je? Mwaka 1971 huko Uingereza, katibu mmoja wa ofisi mjini London, Sue Coppard, alichoka kukaa mjini juma zima bila kukanyaga udongo. Hakuwa na shamba wala jamaa mwenye shamba. Akapanga na shamba moja la Sussex, lililokuwa chini ya Chuo cha Emerson, kwamba waende watu wachache wafanye kazi Jumamosi na Jumapili, wapewe chakula na mahali pa kulala, bila mshahara. Walikwenda wanne. Kutokana na hao wanne umetokea mtandao ambao leo unawapeleka watu wa kujitolea katika mashamba ya kilimo hai ya nchi nyingi duniani. Njia yao ilikuwa barua na tikiti ya treni. Hatusemi hivyo kwa kejeli. Kazi ya mikono ni kazi, na aliyepalilia vitunguu kutwa hupata mgongo uleule wa Fuma. Lakini hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyelazimika kuuliza kama njia ina bomu.

Sisi wenyewe tumepata kuifanya njia ya shambani kuwa adhabu. Katika shule niliyosoma mimi, mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe, na aliyefaulu aliachiwa kivuli. Halafu tukashangaa kwamba vijana wanalikimbia jembe. Askari mliopitia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, mnajua namna nyingine. Pale afisa na kuruta walishika jembe katika mstari mmoja, na aliyekuwa na malengelenge hakucheka mwenzake.

Kwa anayetaka kujifunza leo, mahali papo. Mjini Morogoro, mwaka 2011, Janet Maro, aliyesomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, alishiriki kuanzisha shirika la kilimo endelevu, ambalo lina kituo cha mafunzo Vianzi, nje ya mji. Mgeni wa shamba kama hilo haanzi kwa maneno makubwa. Huanza kwa lundo la mboji: tabaka la vijiti na mabua, tabaka la majani makavu, la majani mabichi, la samadi, udongo kidogo na maji, na kurudia hivyo mpaka lundo lifike kifuani. Huchomekwa fimbo ndefu katikati. Baada ya siku chache fimbo ikichomolewa iwe ya moto, lundo linafanya kazi. Ikiwa ya baridi na kavu, liongezewe maji. Ikinuka, limekosa hewa na ligeuzwe. Kisha hufundishwa kufunika matuta kwa matandazo ili jua lisinywe maji yote, na kutwanga majani au mbegu za mwarobaini kwa ajili ya wadudu. Tangu mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zina viwango vya pamoja vya mazao ya namna hiyo, na alama yake ni hilohilo jina, Kilimo Hai.

Mkoa huohuo wa Morogoro una somo jingine ambalo polisi wanalikumbuka. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliua zaidi ya watu 30. Polisi walifika kuzima moto uliokwisha kuwaka. Shirika hilo la Morogoro limejaribu baadaye kuwakalisha pamoja wakulima na wafugaji wa mkoa huo: mfugaji ana samadi isiyomfaa, mkulima ana mabua yasiyomfaa, na kila mmoja anakihitaji cha mwenzake. Mapatano ya samadi hayamalizi kila ugomvi. Lakini mfugaji anayepeleka samadi shambani kwa mtu anaijua njia ya kule kwa sababu nyingine isiyokuwa ya kulishia mazao usiku, na hilo polisi wa kata anaweza kulipima kwa hesabu ya malalamiko yanayoletwa mezani kwake.

Turudi Fuma. Mwaka 2017 askari polisi wengi wa Kenya walikufa kwa mabomu ya kutegwa barabarani katika kaunti za Lamu na Garissa, jirani kabisa na nchi tunayoisema. Hatuwezi kumlaumu kijana wa kizuizini anayemwangalia kila mwenye mzigo kwa mashaka. Lakini mashaka yana namna mbili. Iko ya kumfungua mtu gunia, kulitazama, kulifunga na kumpisha. Na iko ya kumfungua gunia, kupima debe moja la mtama na kulibakiza chini ya meza. Mwenye gunia akitendewa hayo ya pili mara tatu, mara ya nne hupita porini, na porini ndiko adui anakokaa. Siku hiyo kizuizi kimepoteza mtu aliyekuwa akileta habari pamoja na mtama: nani mgeni aliyelala kisimani, nyayo za nani zimeonekana ufukweni, moto wa nani uliwaka usiku. Mkulima huyaona hayo mapema kwa sababu njia yake haibadiliki, na kila kilichobadilika juu yake hukijua.

Aidha, mkulima wa ng'ambo ya maji hulala shambani. Ndege na nguruwe hawangoji aende nyumbani, na kipindi cha mtama kutoa masuke ni cha kukesha. Amri ya kutotembea usiku, ikitolewa bila kumkumbuka, humwachia ngedere mavuno. Kamanda anayetaka amri yake iheshimiwe na shamba livunwe atahitaji kuyajua majina ya watu wanaolinda mashamba, idadi yao, na dungu la kila mmoja liko wapi. Hiyo ni kazi ya daftari na ya kwenda kuzungumza na wazee, wala haihitaji risasi.

Masika ya pande zile, ambayo Wasomali huyaita Gu, huanza kiasi cha mwezi Aprili. Kabla ya hapo ufyekaji uwe umekwisha na mbegu imekwisha kuvushwa, kwa maana baadaye kusi huanza kuvuma na bahari ya visiwani huwa mbaya kwa vyombo vidogo. Kwa hiyo mtu wa kisiwani ana majuma machache tu ya kuamua. Hushuka pwani kwa maji kujaa, na jembe, panga, mbegu na chakula cha siku kadhaa, na kabla ya kufunga chombo huangalia ufukwe wa pili: ni nani aliyesimama pale, amevaa nini, na juma lililopita alimfanyia nini yule aliyetangulia kuvuka.

Ndugu askari, kwa leo mazungumzo yetu yanaishia hapa.